Mkeka wa Bi Hidaya

Mkeka hautupwi kwa ukili mmoja. Nimelisema mara moja tu, wala sikulisema kwa fumbo, nanyi mmesimama mnatazamana. Wahida, iweke chini hiyo mbuzi ya nazi. Iweke, nimesema! Mguu wake umelegea, haujafa. Na wewe Salhina acha kucheka, maana ile kandili uliyoipeleka jaani asubuhi nimekwenda kuiokota mwenyewe na mgongo wangu huu.

Mnauliza neno hili limetoka wapi. Mngeuliza kabla ya kuanza kutupa vitu vyangu ningewapenda zaidi. Haya, kaeni. Hapo hapo mkekani. Methali hii ilizaliwa katika nyumba hii hii mnayoifagia, na mambo yalikuwa hivi.

Alikuwako mwanamke akiitwa Bi Hidaya binti Khatibu. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, akamwachia watoto wawili: Makame, mwanamume mwenye mke, na Tatu, binti aliyekuwa ameposwa. Bi Hidaya alikuwa msafi wa nyumba na mkali wa ulimi. Ukiingia uani kwake na matope miguuni, ulitoka umeambiwa mpaka ulivyolelewa. Na alikuwa na mkeka.

Si mkeka wa kulalia, jamani. Huu ulikuwa mkeka wa harusi. Mnajua ukili? Hamjui, mikeka yenu ya plastiki. Ukili ni ule ukanda wa ukindu unaosukwa kwanza, kisha kanda hizo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka. Mkeka wa Bi Hidaya ulikuwa na kili ishirini na mbili, zenye rangi nyekundu na zambarau. Nikaha zote za ukoo zilifungwa juu yake, na mtaa mzima walikuja kuuazima, wakiamini kwamba ndoa iliyofungwa pale haivunjiki. Mimi najua ndoa huvunjwa na watu, lakini ndivyo walivyoamini. Bi Hidaya hakuchoka kuwaambia watu kwamba tangu aupokee kwa mama mkwe wake, mkeka ule haujapata hata doa. Likumbukeni neno hilo.

Mke wa Makame aliitwa Mize. Alikuwa na mwaka mmoja katika nyumba, msichana wa maneno machache na mikono isiyopenda kukaa bure. Zilipobaki siku nane kabla ya nikaha ya Tatu, Bi Hidaya alimwambia autoe mkeka, auanike, kisha aufukize udi. Mize akauanika. Jua lilipopungua akautandika barazani, akaweka chetezo katikati, akatia udi juu ya makaa. Hapo ndipo alipokosa, kwa sababu chetezo huwekwa juu ya sahani ya udongo, naye alikiweka vivi hivi. Mara akasikia chungu cha wali kinafurika jikoni. Akakimbia. Upepo ukapiga, chetezo kikayumba, kaa moja likaanguka.

Aliporudi, harufu ya udi ilikuwa imeingiliwa na harufu nyingine. Akalitupa lile kaa kwa mkono mtupu. Tundu lilikuwa limekwisha kufanyika, urefu wa kiganja, kwenye ukili mmoja wa katikati.

"Umeniunguzia ndoa ya mwanangu!" Bi Hidaya alipiga kelele hadi majirani wakachungulia. "Miaka thelathini na mmoja nimeutunza, wewe umeumaliza kwa chungu kimoja cha wali!"

"Nisamehe, Mama. Nitautengeneza."

"Utatengeneza nini? Kilichoungua kimeungua. Huu si mkeka tena. Na nyumba ya mkeka ule haina nafasi ya mtu kama wewe."

Akaukunja kwa hasira, akautupa penye kuni nyuma ya jiko. Makame aliporudi kutoka shamba alikuta neno moja tu linamngoja: mpeleke kwao.

Sasa huyo Makame. Mtu mzima, ana ndevu, anabeba gunia la mihogo peke yake, lakini mbele ya mama yake ulimi ulikuwa unagandia kaakaani. Akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Nenda kwanza, Mama apoe." Mize akafunga nguo zake. Akazunguka nyuma ya jiko, akauchukua ule mkeka, akajitwika. Hakuna aliyemzuia. Nani agombee takataka?

Siku ya tatu ujumbe ukafika kwa kina Mize. Umetoka kwa Mzee Omari, ami yake Makame, ndiye mkubwa wa ukoo ule: Alhamisi baada ya alasiri watakuja kumaliza maneno. Watu wazima wanaposema wanakuja kumaliza maneno, wanachokuja kumaliza ni ndoa. Mize alilia. Alimpenda mumewe, ingawa siku ile alitamani kumzaba kofi. Na tena aliliogopa jina. Angeitwa mpaka uzeeni mwanamke aliyerudishwa kwa kuunguza mkeka.

Mama yake, Bi Kazija, alikuwa msukaji. Akamtazama analia asubuhi, akamtazama analia adhuhuri, akachoka.

"Machozi hayasuki ukili," akasema. "Nenda kakate ukindu."

Mize akaenda. Akaukata, akauanika, akauchana chane nyembamba, akazitia rangi, akazilowesha ziwe laini. Kisha akakaa na mkeka wake, akaanza kufumua ule ukili ulioungua, mshono mmoja mmoja kwa kijiti chenye ncha, asikate kili za jirani. Ukili wa kwanza aliousuka ulitoka mpana. Akaufumua. Wa pili ukaenda kombo. Akaufumua nao, midomo ameikaza. Wa tatu ulikubali. Na hapo, wanangu, kulitokea jambo ambalo nyinyi mnaotupa kila kitu hamtalijua mpaka mlifanye: aligundua kwamba tangu asubuhi hajalia. Kazi ya kutengeneza haikuachii nafasi. Inataka macho yako, vidole vyako na subira yako, na ukishaipa vyote hivyo huna cha kuipa huzuni.

Aliposhona mshono wa mwisho akausugua kwa chupa ili ulale. Akapitisha kiganja kutoka upande mmoja wa mkeka hadi wa pili, macho ameyafumba, na kiganja hakikukwama popote. Alifurahi, jamani! Alicheka peke yake ukumbini, kisha akajionea haya, mtu aliyefukuzwa anacheka nini? Lakini kitu kilichokuwa kimekufa kilikuwa kimelala mbele yake kizima, na ni yeye aliyekiinua. Ila rangi mpya iliwaka mno. Ukili ule ulionekana hata na mtu aliye mlangoni.

Akaugeuza mkeka aangalie mishono upande wa chini, na hapo akasita.

"Mama, njoo uone."

Karibu na ukingo, ukili wa tatu haukufanana na wenzake. Kwa juu usingeujua, lakini kwa chini, zile nyingine zote zilishonwa kwa uzi wa ukindu, na huu ulishonwa kwa uzi wa pamba. Chane zake zilikuwa zimechovywa katika maji ya chai zipate kuonekana kuukuu. Na mwisho wa mshono kulikuwa na mafundo matatu madogo yaliyofuatana. Mize aliyajua mafundo yale. Kila kawa ya kufunikia chakula iliyosukwa na Bi Hidaya iliishia kwa mafundo matatu kama hayo.

Bi Kazija akapiga makofi. "Aka! Kumbe mkeka usiopata doa! Mwanangu, Mungu amekupa fimbo. Waache waje na ami yao. Wakishakaa, uugeuze mkeka, uwaonyeshe."

Msidhani Mize alikuwa malaika, siku nzima alilifikiria jambo lile. Alijua akiyaonyesha mafundo yale mbele ya watu wazima, Bi Hidaya hatainua tena uso mtaani. Alijua pia kwamba uzi ule wa pamba ulikuwa umeoza, na ukili ulikuwa unaanza kuachia. Mwisho alichukua sindano. Akaupitisha uzi mpya pale palipolegea, na mafundo matatu akayaacha yalivyo.

Alhamisi wakaja: Mzee Omari na fimbo yake, Makame ametazama chini, na Bi Hidaya nyuma yao amejifunga kanga kama anayekwenda kazini. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Wakakaa ukumbini. Mzee Omari akasafisha koo, akaanza kuizungukia habari kwa mbali kama wafanyavyo wazee. Bi Hidaya hakumsikia. Alikuwa anatazama alichokalia.

"Mkeka huu mmeupata wapi?" akauliza.

"Ni wako, Mama," Mize akasema. "Niliuokota penye kuni."

"Ule ulikuwa umeungua."

"Niliutoa ulioungua nikasuka mwingine. Rangi bado haijalingana, nisamehe." Akauelekeza mkono ukingoni. "Na pale ukingoni, ukili wa tatu, uzi ulikuwa umeanza kuachia. Nimeukaza tu, Mama. Mafundo yake sikuyagusa."

Bi Hidaya alimtazama. Alimtazama muda mrefu, na mkono wake ukaenda wenyewe mpaka ukingoni, ukaingia chini ya mkeka, ukapapasa.

"Mafundo gani tena?" Mzee Omari akauliza, maana wanaume hawajui kitu cha mikeka isipokuwa kuikalia.

"Ya mshonaji wa zamani, ami," Mize akajibu haraka. "Alikuwa na mkono mzuri."

Angeweza kuishia hapo, Bi Hidaya. Siri yake ilikuwa imefunikwa na mtu yule yule ambaye yeye alimfukuza. Angemeza mate, angenyamaza, na leo nisingekuwa na kitu cha kuwasimulia. Lakini machozi yakamtoka, yeye aliyezika mume bila kulia mbele za watu.

"Mshonaji ni mimi, Omari," akasema. "Nilikuwa na miezi sita nyumbani kwenu. Niliweka sufuria ya moto juu ya mkeka huu, nikauunguza. Nikajificha na sindano nyuma ya jiko, nikishona huku nikilia. Mama yenu akanikuta. Nikajua leo narudishwa kwetu. Unajua alifanya nini? Alirudi jikoni akanichemshia majani ya chai, akaniambia nichovye chane zisijulikane. Mpaka anaingia kaburini hakumwambia mtu." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Na mimi nimesimama juu ya wema ule miaka thelathini na mmoja, nikijisifu kwamba mkeka haujapata doa."

Bi Kazija, aliyekuwa ameshikilia maneno yake tangu juzi, akayaona hayana kazi tena, akainuka kwenda kuleta kahawa.

"Sasa, shemeji," Mzee Omari akasema taratibu, "sisi tumekuja hapa kutupa nini?"

"Hatutupi kitu. Mkeka hautupwi kwa ukili mmoja." Kisha akamgeukia Mize. "Mwanangu, mimi nilikutupa wewe kwa tundu la kiganja. Nisamehe. Utarudi nyumbani?"

Mize hakumjibu yeye kwanza. Alimgeukia Makame. "Na wewe? Ulimi wako umeupata, au niutafute nao penye kuni?"

Mzee Omari alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi. Makame akainua uso, macho mekundu, akasema mbele ya wote, "Nilikosa, mke wangu. Rudi. Nikinyamaza tena, wewe ndiwe unifukuze." Akaukunja mkeka, akaubeba begani mwenyewe, na Bi Hidaya akamshika Mize mkono njia nzima, mtaa ukitazama.

Nikaha ya Tatu ilifungwa Ijumaa juu ya mkeka ule ule. Mize alikuwa amechemsha majani ya chai kuupaka ukili mpya usijulikane. Bi Hidaya akayamwaga uani. "Uache uonekane," akasema. "Nilioficha mimi unatosha." Na kila aliyeuliza ule ukili mpya ni wa nini, alijibiwa na Bi Hidaya mwenyewe, habari nzima, ya sufuria na ya kaa, na neno lile mwishoni. Ndivyo lilivyotoka hapa likaenda mtaani, likawafikia hata watu wasiojua kusuka.

Sasa Salhina, nyanyuka kidogo. Inua pembe hiyo uliyokalia. Eeh, usishtuke, ulidhani umekaa juu ya nini? Papasa ukili wa tatu kutoka ukingoni. Moja, mbili, tatu. Umeyapata mafundo? Na huu wa katikati, ambao rangi yake imekwisha kulingana na nyingine, ndio wa Mize.

Na huo hapo karibu na goti lako, Wahida, ulioshonwa kombo, ni wangu. Msiniulize niliuunguzaje. Nilikuwa bi harusi wa miezi minne humu ndani, na Bi Mize ndiye aliyekuwa mama mkwe wangu. Alinikuta nimekaa juu ya tundu, nimelifunika kwa mto. Akauondoa mto, akaangalia, akakaa chini karibu yangu. Akaniuliza, "Ukindu unao, mwanangu, au nikakukatie?"

Basi. Nyundo iko chini ya kitanda, misumari imo kwenye kopo la maziwa. Wahida, nipe hiyo mbuzi nikushikie mguu, wewe upige. Mkeka hautupwi kwa ukili mmoja.