Kovu Chini ya Kitovu

Watu wengi huitaja methali ya mficha uchi huku wakicheka, maana ina neno ambalo watoto hukatazwa kulitamka mbele ya wageni. Maana yake lakini haina mzaha. Mwanamke anayejifungua hawezi kujifunika mbele ya mkunga, na mwenye shida hawezi kuificha shida hiyo kwa yule anayetaka kumwauni. Yaliyompata fundi mmoja wa kujalidi vitabu yanatosha kuithibitisha.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mpole, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa gundi na uzi. Miaka minane nyuma, kabla hajaolewa, alitolewa uvimbe mkubwa kama ngumi ndani ya mfuko wa uzazi. Aliyempasua alikuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake ambaye wagonjwa walimwita Mzee Miwani, kwa sababu alivaa jozi mbili za miwani kwa pamoja, moja machoni na nyingine utosini. Siku ya kumruhusu kurudi nyumbani, alimwambia maneno machache.

"Ukipata mimba, binti yangu, usisubiri uchungu. Njoo mapema tukupasue. Mfuko wako una mshono, na mshono huo hauwezi kuhimili uchungu."

Binti aliitikia kwa kichwa. Wakati ule mimba ilikuwa jambo la mbali.

Posa ilipoletwa, shangazi yake aliyemlea tangu utotoni alimwita chumbani na kufunga mlango. Familia ya mchumba ilikuwa imekwisha mrudisha kwao mke wa mwana mkubwa kwa kuwa alikaa miaka minne bila kushika mimba, na mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameuliza waziwazi kama tumbo la huyu wa sasa ni zima. Shangazi alikuwa amejibu kwamba ni zima kama yai. Sasa alimwonya mwanawe wa kulea kwamba akiulizwa kuhusu kovu lililoshuka kutoka kitovuni, aseme alipasuliwa utumbo uliojipinda. Mambo ya tumbo, alisema shangazi, yabaki tumboni.

Akaolewa. Mumewe alimuuliza kuhusu kovu mara moja tu, akajibiwa kama shangazi alivyofundisha, akalibusu, na habari ikaishia hapo. Alipomwandikisha kwenye kadi yake ya bima, fomu iliuliza kama mwanachama mpya amewahi kupasuliwa kizazi. Mke alitia alama kwenye "hapana" kwa mkono uliotulia kabisa, maana mumewe alikuwa amemwinamia begani.

Mume huyo alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani akiangalia kama kilo ni kilo kweli, na wenzake walimbandika jina la Bwana Gramu. Hakuwa mtu mkali, ila hakuamini kitu mpaka akione kimeandikwa na kupigwa muhuri. Ndiyo maana mimba ilipoingia, baada ya miaka miwili ya mama mkwe kuulizauliza, furaha yake aliionyesha kwa njia aliyoijua: alinunua faili jipya na kuanza kumtafuta daktari.

Alichukua orodha kutoka ofisi ya bima. Kwa kila jina alitaka kujua mambo matatu: kama daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na leseni yake bado iko hai, kama kweli amesomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na kama kadi yao inapokelewa pale bila visingizio. Mmoja alimfuta baada ya kusogelea cheti kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu na kukuta kwamba huo ubingwa ulikuwa mafunzo ya wiki tatu. Mwingine leseni yake ilikuwa imekwisha muda tangu mwaka uliopita, na mhudumu wa mapokezi akasema kwamba hayo ni mambo ya karatasi tu. Bwana Gramu alirudi nyumbani akiwasimulia majirani, nao walicheka hadi wakashika mbavu.

Jioni moja alifika uso umemng'aa. Bingwa amepatikana. Leseni safi, miaka ishirini na saba kazini, bima inapokelewa, na zahanati yake ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka hapo walipoishi. Alipomtaja, mke alilitambua jina. Alikuwa Mzee Miwani.

Akilini alikwisha kuiona kabati ya mafaili, na ndani yake faili lenye jina lake la usichana. Akasema wanawake anaojalidi nao vitabu kiwandani wamemwambia kwamba daktari yule amesimamishwa kazi kwa makosa. Lilikuwa neno la uongo dhidi ya mtu aliyemwokoa, na lilimtoka jepesi kuliko alivyotarajia. Bwana Gramu alikwenda baraza la madaktari siku ya pili, akarudi na karatasi inayoonyesha kwamba daktari hajawahi kushtakiwa hata mara moja. Mke akasema basi labda bima wanamsumbua. Mume akaenda bima, akarudi na muhuri. Mwishowe mke akainama na kusema kwamba angeona haya kuangaliwa na mwanamume. Hapo Bwana Gramu alilegea. Alimwomba radhi kwa kutolifikiria hilo, akaanza msako upya.

Alimpata daktari wa kike katika hospitali iliyokuwa upande wa pili wa mji. Alikuwa kijana, lakini ubingwa wake ulikuwa wa kweli, leseni hai, kadi ikapokelewa. Siku ya kwanza daktari alimwomba mume asubiri nje kidogo, maana alikuwa na desturi ya kuzungumza na kila mama peke yake. Mke alimshika mumewe mkono. Aliogopa kwamba akitolewa nje atajiuliza kuna nini. Akasema abaki tu, hawana siri. Daktari alilitazama kovu kwa muda, akauliza lilikuwa la nini, akaomba karatasi za upasuaji ule. Jibu lilikuwa kwamba ni utumbo, na karatasi zilipotea walipohama nyumba. Daktari aliandika hivyo alivyoambiwa.

Miezi ikapita salama, na usalama wenyewe ukamdanganya. Wakati mwingine, akipitisha sindano kwenye kurasa, maneno ya Mzee Miwani yalimjia na mkono ukasimama. Kisha alijiambia kwamba miaka minane ni mingi, na nyama ya mtu si karatasi. Hata hivyo mwezi wa nane alipiga moyo konde.

"Daktari, haiwezekani nikapasuliwa tu?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Inawezekana, kukiwa na sababu. Mtoto amelala vizuri, presha yako ni nzuri, nyonga inatosha. Nikiomba kibali cha upasuaji, bima wataniuliza kwa nini. Na mimi nakuuliza wewe, dada. Kuna sababu yoyote?"

Bwana Gramu alikuwa amekaa kando, faili mapajani, akamgeukia mkewe. Hakuwa na shaka yoyote usoni. Alikuwa akisubiri jibu tu, kama anavyosubiri mshale wa mizani utulie. Mke alimwona mama mkwe katika uso ule. Alimwona yule mke wa shemeji yake aliyerudishwa kwao na sanduku moja.

"Hakuna, daktari," alisema. "Ni woga tu."

Uchungu ulianza Alhamisi asubuhi. Hadi adhuhuri mambo yalikwenda kama yanavyotakiwa, na wauguzi walimsifu kwa uvumilivu. Kisha akahisi kitu ndani yake kikichanika, wazi kabisa, kama jalada linavyobanduka kwenye kitabu, na uchungu ukakoma ghafla. Kwa sekunde chache alidhani amepata nafuu. Muuguzi aliyekuwa akisikiliza mapigo ya mtoto alihamisha kifaa chake huku na huku, kisha akatoka mbio.

Daktari kijana hakupoteza hata dakika. Alimwingiza chumba cha upasuaji na kuagiza aitwe bingwa yeyote mwenye uzoefu aliye karibu. Aliyefika, akivaa glavu huku anatembea, alikuwa Mzee Miwani, ambaye kila Alhamisi alikuja kupasua wagonjwa katika hospitali hiyo. Walifanya kazi pamoja saa tatu. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekwisha kufa. Damu ilikataa kukoma, na ili mama aokoke, kizazi chote kikaondolewa.

Siku ya tatu Mzee Miwani alikuja kitandani peke yake. Alivuta kiti, akakaa, akasahau hata kuvua miwani ya utosini.

"Nilikutambua kabla sijauona uso wako," alisema. "Mshono ule ni wangu."

Mwanamke alifumba macho. Mzee hakumkaripia. Alimwambia kwamba siri ni yake mwenyewe na hatatoka mtu kuisema, si yeye wala daktari kijana, ambaye sasa anajua. Alichoomba ni kwamba aifikirie. Kisha akamshika mkono, akaondoka.

Siku iliyofuata Bwana Gramu alikuja na faili lake. Hakuwa amenyoa wala kulala. Alikuwa amemzika mtoto akisaidiwa na ndugu zake wawili tu. Aliketi, akatoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka, akamsomea mkewe taratibu. Ilikuwa barua kwa baraza la madaktari. Ilisema kwamba daktari yule kijana alimnyima mkewe upasuaji alioomba kwa kinywa chake, kwamba huo ni uzembe wa wazi, na kwamba leseni yake ifutwe asije akaua mtoto wa mtu mwingine.

"Tia sahihi hapa," alisema, "chini ya yangu."

Mke aliishika kalamu. Alikuwa amemwona daktari kila asubuhi, akija kubadilisha bendeji mwenyewe ingawa ilikuwa kazi ya wauguzi, macho yamemvimba. Alijua kwamba akiandika jina lake ataondoka pale na ndoa yake nzima, na mwanamke yule ataondoka bila kazi. Akairudisha kalamu juu ya barua.

"Siwezi," alisema. "Alichoniuliza nilimdanganya. Wewe ulikuwepo."

Kisha akamweleza yote, tangu uvimbe hadi shangazi, tangu fomu ya bima hadi uongo juu ya Mzee Miwani. Alisema bila kulia, maana machozi yalikwisha kauka. Bwana Gramu alisikiliza akiwa ameiangalia ile barua. Alipomaliza, mume alifunika kalamu, akaikunja barua mara nne, akasimama na kwenda dirishani.

"Kumbe tulikuwa dakika kumi tu kutoka kwa mzee yule," alisema.

"Niliogopa utanirudisha."

"Ningekurudisha?" Aliuliza kama anayejiuliza mwenyewe. Akatoka. Siku mbili hakuonekana. Ya tatu alikuja kumchukua, akambebea mfuko wake, akamfungulia mlango, na njia nzima hawakusemeshana. Bima nayo, ilipolipitia faili na kuilinganisha na fomu, ilikataa kulipia.

Nyumbani wanawake walijaa kumpa pole. Mama mkwe alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Shangazi alimsogelea mwanawe na kumnong'oneza.

"Waambie mtoto alizaliwa amechoka. Habari ya kizazi usiitaje, mwanangu. Mumeo bado kijana, na watu wana maneno."

Mgonjwa alimtazama shangazi yake. Hakuwa na hasira naye. Alimwona mzee aliyemfunika kwa shuka la pekee alilokuwa nalo.

"Shangazi, sasa nibakishe nini cha kuficha?"

Akawageukia wanawake, akawaeleza kwa sauti ya kawaida: uvimbe, mshono, onyo la daktari, uongo, mtoto, kizazi. Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Mama mkwe alisimama, akamwangalia mkwewe, kisha akatoka nje, na haikujulikana kama ametoka kwa hasira au kwa aibu ya lile swali lake la siku ya posa.

Wageni walipoondoka alibaki mmoja, mke wa jirani, aliyeolewa mwaka ule. Alikaa akisokota ncha ya mtandio hadi chumba kikawa kitupu. Kisha akasema polepole kwamba hata yeye ana jambo lake, la tangu kabla ya ndoa, na wiki ijayo anaanza kliniki kwa daktari aliyetafutiwa na mumewe. Akauliza afanye nini.

"Leseni yake mmeiangalia?"

"Tumeiangalia. Na bima inapokelewa."

"Vizuri. Sasa mwambie mumeo asubiri nje, ufunge mlango, umwambie daktari kila kitu, hata kile kinachokuunguza ulimi. Mimi nilikuwa na daktari wa kweli, na bima ya kweli, na mume aliyekagua kila karatasi. Nikajifunika." Akaweka kiganja juu ya tumbo lake lililofungwa bendeji, akakiacha pale. "Mdogo wangu, mficha uchi hazai."