Kofia Iliyodondoka Kabla ya Kituo cha Tatu

Hadithi hii haina mfalme wala sungura. Ina wasichana watatu, uwanja wa shule kule Tukuyu, na mpira wa besiboli mgumu kama jiwe.

Atuganile alijaliwa miguu. Akichomoka, anayemtazama husahau kupepesa macho.

Sekela wa shule pinzani alijaliwa mkono. Kazi yake ilikuwa kudaka mpira nyuma ya mpigaji, na akirusha alipiga hata kifungo cha shati.

Tusekile, dada yake Atuganile, alijaliwa macho. Aliuona mpira mapema. Mabaya pia aliyaona mapema. Kaka yao alikufa kwa jiwe la manati lililompata kwenye paji la uso. Tangu hapo, kila kilichoruka hewani kilimtisha.

Siku hiyo, akitolewa mchezaji mmoja zaidi tu, shule ya kina Tusekile ingeshindwa na kurudi nyumbani. Tusekile alishika gongo, kasimama ndani ya mistari ya chokaa. Atuganile alikuwa amefika kituo cha pili kati ya vinne ambavyo mkimbiaji huvipitia ili kupata alama.

"Wewe mwenye miguu, umeota mizizi?" Sekela akapaza sauti.

"Utakula vumbi!" Atuganile akajibu, akachomoka kuelekea kituo cha tatu; mpira ungemtangulia huko, angetolewa.

Kofia yake ngumu, pana kama sufuria ya harusi, ikadondoka. Hakuirudia.

Sekela, aliyekwisha kudaka mpira uliompita Tusekile, alikiona kile kichwa kitupu. Akarusha kuelekea kituo cha tatu, ambako mwenzake alisubiri na glavu.

Tusekile naye alikiona. Miguu yake haikuvuka chokaa, ila mkono ulinyooka. Mpira ukamgonga kiwiko, ukaanguka majanini. Atuganile akafika.

"Kanizuia makusudi!" Sekela alifoka. "Nililenga glavu ya mwenzangu, si kichwa cha mtu!"

Sheria ilisema: mpigaji aliye ndani ya mistari hana kosa mpira ukimgonga tu; akiuzuia kwa kusudi, anatolewa.

Mwalimu Kajula, mwamuzi, akamsogelea Tusekile. "Binti, ulikusudia?"

Tusekile alikitazama kiwiko kilichogongwa. Akikana, amedanganya. Akikubali, mchezo umekwisha, na mdogo wake amekimbia bure.

"Nilikusudia, mwalimu. Lakini sikuuona mpira. Niliona jiwe."

"Dada, ungeniacha tu!" Atuganile akalia.

Mwalimu Kajula aliinua mkono. Ukabaki juu, hauangukii huku wala kule.

Mmoja hakuirudia kofia. Mmoja alirusha akikiona kichwa. Mmoja alizuia kwa hofu. Mkono wa mwamuzi ungali juu, na wasichana wote watatu wanawatazama ninyi mnaosikiliza. Je, wewe ungeushusha upande gani: Tusekile atolewe, au abaki?