Ekari za Bwana Kazeni

Mto ulikuwa mmoja, na Bwana Kazeni aliutaka wote. Mtaalamu alipokuja kupima maji na kuuliza kila mkulima anahitaji ya ekari ngapi, yeye alisimama wa kwanza.

"Sitini," alisema. Alikuwa na kumi na mbili, na nusu yake ni mawe.

Wakulima wadogo walitazamana. Akipewa maji ya ekari sitini, vitunguu vyao vingekauka. Nankondo, katibu wa mfereji uliokuwa uchimbwe kutoka mtoni, alinyanyua kalamu kwa unyenyekevu.

"Sitini tu, baba? Na kile kilima cha mbuzi?"

"Nilikisahau. Andika themanini."

"Na kule unakotarajia kulima, Mungu akipenda?"

"Mia. Una akili, mama. Unapotea bure kijijini."

"Nashukuru, baba. Tia sahihi hapa."

Akatia, kwa mbwembwe. Nankondo akafunua ukurasa wa pili.

"Sasa msaragambo. Desturi yetu unaijua, ingawa siku za kazi ya pamoja mgongo wako huuma. Kila ekari ya maji ni hatua kumi za mfereji, na mwenyewe huchimba kwa mikono yake. Asiyechimba hafunguliwi maji. Zako ni hatua elfu moja, baba. Jembe hili hapa, jipya kabisa."

Bwana Kazeni aliutazama mwamba ambao mfereji ungeupasua, akautazama mpini wa jembe.

"Mama," alisema taratibu, "futa hiyo mia. Andika kumi na mbili."

"Nusu ni mawe, baba."

"Basi sita."