Miguu ya Jumbe Mwinyikai

Sogeeni mkekani, wanangu. Anayetafuna ameze, na anayenong'ona amwachie mwenzake sikio lake. Nyamazeni, maana wanaotajwa ni watu wa heri.

Inasimuliwa kwamba palikuwa na mji ambao watu wake walimchagua jumbe wenyewe, kila mwenye nyumba akitia kokoto kapuni. Wakamchagua Mwinyikai, mcha Mungu, ila mwepesi wa kukata shauri. Akaletewa mashtaka juu ya Bi Zuwena, mkuu wa chuo cha Kurani: "Kutwa yuko njiani, hafundishi. Aondolewe!" Jumbe akaahidi kuamua siku ya Ijumaa, baada ya sala.

Bi Zuwena, Mola amrehemu, akasema tu, "Mwambieni afuatane nami siku moja, kisha aamue."

Jumbe akaja alfajiri. Akamfuata kwa mtoto mgonjwa, akamfuata kwa baba aliyemtoa bintiye chuoni, akamfuata kisimani kuombea chuo zamu ya maji. Matope yakamjaa miguuni. Waliporudi, mzazi mmoja alikuwa akifoka mlangoni. Jumbe, macho yake kwenye ugomvi, akaona beseni la shaba lina maji, akatia miguu akanawa.

Yalikuwa maji ya mbao! Zamani watoto waliandika aya juu ya mbao kwa wino wa masizi, na maji ya kuzioshea hayakanyagwi. Humwagwa shinani mwa mwasumini. Jumbe alipoinama akaona maji meusi. Akatoa miguu, akaenda kuketi, kimya.

Maalim Sudi, msaidizi wa chuo, akakuta tope ndani ya beseni.

"Zamu ya nani leo kuosha mbao?"

"Yangu, Maalim," akasema Mwanakheri, yatima. "Lakini wallahi si mimi."

"Unaapa tena! Mtu asiye na wa kumfunza adabu ndivyo alivyo. Bi Mkuu, huyu atoke chuoni leo hii!"

Yule mzazi naye akadakia, "Mkuu gani huyu asiyeweza hata kuchapa?"

Bi Zuwena akaketi. "Sihukumu kabla mwenye kosa hajachoka kulibeba."

Jua likapanda. Watoto wamesimama, Mwanakheri analia bila sauti, Maalim Sudi anapiga bakora kiganjani. Ndipo Bi Zuwena akageuka kwa upole.

"Jumbe, ungekuwa mahali pangu ungeamuaje?"

Jumbe akainuka. "Mtoto hana kosa. Ni mimi. Nilinawa bila kutazama, kisha nikaona haya. Mwanangu Mwanakheri, nisamehe."

Bi Zuwena akampa kitambaa. "Basi jipanguse, Jumbe. Wino bado uko visiginoni."

"Kumbe ulijua! Mbona ukanyamaza?"

"Ulikuja kuitazama kazi yangu. Ndiyo hiyo uliyoiona."

Ijumaa, jumbe akasimama mbele ya watu, akasimulia aibu yake yote, asibakishe kitu. Bi Zuwena hakuondolewa.

Wanangu, kumhukumu mtu ukiwa umekaa kitini ni rahisi. Mfuate kwanza, ukanyage tope lake. Na ukikosea, sema kabla mnyonge hajalipia.

Jumbe alipofariki, kiti chake alikirithi mpwawe, kwa kokoto za watu na kwa sharti kwamba kila anayechaguliwa amfuate mkuu wa chuo siku nzima kwanza. Beseni la shaba alilirithi Mwanakheri, na chuo pamoja nalo. Maalim Sudi alibaki na bakora yake, na uzee ulipomfika, akaifanya mkongojo.