Fundi Aliyetuma Mashine Mpya

Fundi mmoja aitwaye Ambokile alikuwa na karakana kando ya barabara, katika mji mmoja wa baridi huku kwetu nyanda za juu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Alinunua majokofu mabovu, akayatoa matumbo, akaweka balbu, feni na kidude cha kupimia joto, kisha akabandika ukutani karatasi yenye maneno makubwa: GARANTII MWAKA MMOJA. IKIHARIBIKA TUNATENGENEZA AU TUNABADILISHA. Hakuwa tapeli. Naomba mlishike hilo mapema, maana nawajua ninyi, mkisikia tu neno fundi mnaanza kuguna. Alikuwa mtu wa haki, na karakana ile ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe na watoto wao.

Mama mmoja, Bi Subilaga, mfugaji wa kuku wa kienyeji katika kijiji cha bondeni, alinunua mashine kwake. Aliipeleka nyumbani kwa shangwe, akaitangaza. Akawaambia majirani, leteni mayai yenu, vifaranga tutagawana. Wakaleta, kila mmoja na yake, hata wale ambao mayai hayo ndiyo yalikuwa mboga ya nyumbani. Yakalala mle ndani siku zake. Jioni moja akafungua mlango akawasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda. Akawaita majirani waje wasikilize. Watu wazima wale wakainama na masikio yao pale mlangoni, wakacheka, wakaenda kutafuta matenga ya kubebea.

Asubuhi kulikuwa kimya. Kidude cha joto kilikuwa kimeganda, balbu zikawaka bila kuzima, na vifaranga wote wameivia ndani ya maganda yao. Jamani.

Majirani walifika na matenga, wakaona, wakayaweka chini. Hakuna aliyeuliza yai lake. Waliingia kutoa pole. Na hiyo si elimu ya darasani, ni desturi tuliyokuta: mtu akipatwa na jambo, unakwenda. Unakaa naye kidogo, unanyamaza naye, unakunywa chai yake, unaondoka. Hata jirani aliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba alikuja, akakaa karibu na mlango, akasema pole, akaondoka. Walikuja wote isipokuwa fundi.

Si kwamba hakupata habari. Alipigiwa simu asubuhi ile ile, na moyo ulimshtuka kwelikweli. Akachukua koti lake aende. Mlangoni akakutana na binamu yake Lwitiko, ambaye kazi yake ni kuwaandikia watu barua nje ya mahakama, na kwa kukaa karibu na sheria miaka mingi amejiona yeye ndiye sheria. Lwitiko akamshika mkono. Akamwambia, kaka, usikanyage kule. Ukienda kutoa pole umejifunga mwenyewe. Kesho watauliza, kama hakuwa na kosa alifuata nini? Timiza garantii yako, mdomo funga, utakuwa salama.

Ambokile akavua koti. Akamtuma fundi mwenzake na kidude kipya, mashine ikatengenezwa siku hiyo hiyo. Akashusha pumzi.

Haukupita muda mrefu, akaletewa barua ya wakili. Bi Subilaga anasema garantii haikutimizwa, na jambo hili lisipomalizwa atakwenda mahakamani. Fundi akaisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Haikutimizwa vipi? Mashine si imetengenezwa? Akaenda ukutani akasoma karatasi yake mwenyewe, neno kwa neno, kama mtu anayesoma hati ya mwingine. Tunatengeneza au tunabadilisha. Basi, akasema, huyu mama anataka ya pili. Akachagua mashine bora kuliko zote alizokuwa nazo, kubwa, iliyokuwa imeshapata mteja wake, akaipakia kwenye pikapu, akaituma bondeni. Mashine ikapokelewa. Dereva akarudi akasema mama amepokea, ameshukuru, na ameuliza kama fundi ni mzima.

Kisha ukaja wito wa baraza la kata. Kabla ya mahakama wasuluhishwe kwanza.

Hapo akili ya fundi ikavurugika. Nani asingevurugika? Alikuwa ametengeneza, amebadilisha, ameongeza juu yake, na bado anaitwa mkosaji. Akawa anafunga nyaya za joto mahali pa nyaya za feni. Wateja wakiuliza garantii ni ya muda gani, anawatazama tu. Alijua kesi ikifika mahakamani na ikimwelemea, karakana itauzwa, na hana kazi nyingine anayoijua. Lakini hilo silo lililomkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba hakuelewa. Alimwuliza Lwitiko, akaambiwa mama anatafuta fidia. Alimwuliza jirani wa karakana, akaambiwa kuna mtu anamtia maneno. Alimwuliza mzee wa kanisa, akaambiwa aombe. Aliomba. Aliomba huku akijiuliza anaomba nini.

Mkewe hakuulizwa. Siku moja mwanamke huyo alifunga mchele na sukari kwenye kikapu, akakifunika kitambaa, akakiweka mbele ya miguu ya mumewe, akaendelea na kazi zake. Ambokile alikitazama kile kikapu. Akakibeba, akapanda bodaboda, akashuka bondeni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapomwonea huruma mtu huyu, na ndipo ninapomkasirikia. Alifika. Aliiona nyumba. Bi Subilaga alikuwa uani anafua. Mama yule akainua macho, akamtambua, akasimama, akaanza kujifuta mapovu mikononi, kama afanyavyo mtu anayejiandaa kumpa mgeni mkono. Na fundi, pale juu ya pikipiki, akasikia sauti ya binamu yake: alifuata nini? Akamgusa bega mwenye bodaboda. Akamwambia, geuza. Mkewe alipoona kikapu kimerudi alikifungua, akarudisha mchele kwenye pipa na sukari kwenye kopo.

Ninyi mmeshaelewa, naona mnavyotazamana. Yeye alikuwa bado.

Siku ya baraza ikafika. Ambokile alivaa suti, akaja na Lwitiko, na Lwitiko akaja na mafaili. Bi Subilaga alikuja peke yake, na khanga mabegani. Wakili hakumleta. Lwitiko akasimama, akasoma garantii kwa sauti ya mahakamani, akaeleza kidude kipya, akaeleza mashine mpya, akamweka dereva shahidi. Kila kitu kilikuwa kweli. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, hata mimi ningekuwepo ningetikisa. Mwenyekiti wa baraza, mama mtu mzima mwenye miwani, akamgeukia Bi Subilaga akamwambia kwa upole, mwenzako ametengeneza, na amebadilisha, na ameleta bora kuliko ya kwanza, sasa mama yetu unadai kipi?

Bi Subilaga hakusimama haraka. Akaipanga khanga yake. Akasema:

“Hiyo mashine mpya sijaiwasha, ipo tu sebuleni. Mimi huyu nimemshtaki ili nimwone, maana nilipopatwa hakuja.”

Ambokile akamtazama binamu yake. Binamu alikuwa anapanga mafaili ambayo yalikuwa yameshapangwa. Akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa amevua miwani anaifuta. Hakuna aliyemwambia afanye nini. Jasho likamtoka mtu mzima yule ndani ya suti yake. Alikuwa na sentensi aliyofundishwa, inayoanza na maneno “bila kukubali kosa lolote”, na alipofungua mdomo ikamtoroka. Akasema pole. Akasema pole mama, pole ya vifaranga, pole ya majirani zako, na sauti ikakatika, akabaki anarudia neno hilo hilo kama mtu anayejifunza kuongea.

“Asante, baba,” akajibu Bi Subilaga. “Mkeo hajambo? Watoto?”

“Hawajambo,” akasema fundi.

“Wasalimie.” Akaupokea mkono wake, akaushika kwa mikono miwili, akawaaga wajumbe, akasema kuku wake hawajala tangu asubuhi, akatoka.

Mwenyekiti akabaki na kalamu mkononi. Alimwita mara moja, mama, na shauri tuliandikeje? Lakini mama alikuwa ameshafika barabarani. Wajumbe wakaulizana kwa kunong'ona kama mdai ameshinda, au ameshindwa, au amefuta. Kwenye kanuni zao hawakulikuta jambo la namna ile.

Nje, Lwitiko alimpiga fundi mgongoni kwa furaha. Akamwambia, kaka, tumeshinda! Karakana imepona! Na ilikuwa kweli, karakana ilipona. Ipo mpaka leo. Lakini Ambokile alisimama pale akiitazama njia ya bondeni, na furaha haikuja. Alimwuliza binamu yake swali moja tu: tumemshinda nani? Lwitiko akacheka, akadhani ni utani.

Sitawaeleza mashine ni nini. Mnaijua; wengine wenu mmeituma juzi tu, kwa basi, kwa simu, kwa mkono wa mtu anayepita huko. Binamu pia mnamjua. Hakai nje ya mahakama peke yake. Anakaa humu kifuani, na kila unapochukua koti anakushika mkono. Anakwambia umeshatimiza. Anakwambia ukienda watakulaumu. Na anasema kweli, ndiyo maana ni vigumu kumnyamazisha.

Basi nawauliza, ninyi ambao hamna deni na mtu, ambao kila kilichoandikwa mmekitimiza: siku yule mtu aliposimama uani akijifuta mikono baada ya kukuona, ulimwambia nini mwenye bodaboda?