Dubu Aliyeiga Bendera Yake

Paukwa!

Pakawa.

Mbona sauti zinatokea puani? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, kule Ujerumani kwenye baridi, palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Krummenfeld. Ulikuwa na ukuta, lango na uwanja. Bendera haukuwa nayo. Miji jirani ilikuwa nazo, basi wenyeji wakaona haya.

Mwenyekiti wa mji alikuwa Mbweha. Akachora nembo: ngao ya manjano, na ndani yake Dubu mweusi, mnene, amesimama kwa miguu miwili, makucha juu, ulimi mwekundu nje. Nembo ikatiwa kwenye bendera, bendera ikapandishwa langoni. Ikapepea, papapapa.

Dubu mwenyewe akatoka msituni kuja kuiona. Alikuwa mpole, mlaji, hana makuu. Akatazama juu. Akatazama tena. Kichwa kikavimba.

"Mke wangu, umeniona?"

"Nimekuona. Sasa twende tukale. Theluji ikianguka tutalala mpaka iyeyuke, na dubu akilala bila mafuta mwilini haamki."

"Nile nimeinama? Mimi, wa kwenye bendera?"

Mbweha akamvisha kilemba cha ukoka. "Bwana Dubu, mnyama wa nembo hatembei kwa miguu minne. Simama uwanjani watoto wakuone. Na ulimi, tafadhali."

Basi Dubu akasimama. Miguu miwili, makucha juu, ulimi nje. Watoto wakapiga makofi. Akasimama kutwa. Kesho yake tena, kutwa. Sasa niambieni, ninyi wenye akili, nani amewahi kutafuna chakula ulimi ukiwa nje? Na asali yake kule msituni ikaliwa. Na nani? Mimi sikuwepo, lakini ndevu za Mbweha siku hizo zilikuwa zinanata.

Mkewe akaja na samaki. "Mume wangu, kula. Kidogo tu."

"Thiwethi. Wathu wananithathama." Yaani hawezi, watu wanamtazama.

"Watu watarudi makwao walale wameshiba. Wewe je?"

Dubu akazidi kuinua makucha. Mkewe akamwekea samaki miguuni, akaondoka analia. Alimpenda yule mume mjinga, sitamsingizia.

Majani yakapukutika. Dubu akakonda, mbavu zikatokeza. Siku moja wakaja wageni wa mji jirani, wakamwona pale uwanjani, wakacheka mpaka wakashika matumbo. "Ndiye dubu wenu huyu?"

Mbweha hakupepesa jicho. "Huyu? Huyu ombaomba. Dubu wetu yule pale." Akaonyesha bendera.

Dubu akarudisha ulimi ndani. "Mwenyekiti, ni mimi."

"Dubu wetu ni mnene. Wewe unene wako uko wapi?" Mbweha akamwita Bata Bukini, mlinzi wa lango. "Mtoe. Anaiaibisha bendera."

Akatolewa. Lango likafungwa nyuma yake, kwachu.

Nje theluji ilikuwa imeanza. Dubu akashika njia ya pangoni kwa mkewe. Alitembea kwa miguu minne, polepole, na masikini alisikia raha kutembea hivyo. Hakufika. Mkewe alimkuta chini ya ukuta, amekwisha kupoa. Akamlilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaenda kugonga lango.

"Shusheni bendera nusu mlingoti. Dubu wenu amekufa."

Bata Bukini akanyoosha shingo, akatazama juu. "Amekufa lini, mama? Si yule pale, amesimama, na unene wake."

Akafunga lango. Bendera haikushushwa.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni. Anayekutundika juu ameipenda picha, hakukupenda wewe. Ukisifiwa, shukuru, kisha nenda nyumbani ukale na wanaokujua. Hadithi yangu nimeitua hapo, anayeiweza aibebe.