Mtamba Mweupe wa Kabula

Hapo zamani, zamani za juzijuzi tu, palikuwa na mfugaji aitwaye Kabula, mwanamke mwepesi wa hasira, lakini akisema neno halirudi. Kiangazi kimoja lambo la kijiji likageuka kijani, kama mtu kamwaga rangi. Mto ulikuwa mbali. Ng'ombe wakienda huko, maziwa hukauka.

"Wakinywa hapa wakafa, nimekwisha," Kabula aliwaambia watu. "Atakayenionyesha ukweli wa maji haya achukue mtamba wangu mweupe. Mmoja, mzima. Sigawi mapaja."

Masalu, fundi baiskeli, akasema, "Mama, ukijani huu ni ukoga wa majini. Mwingine una sumu, mwingine hauna, na kwa macho hutajua. Tutie humo viroboto wa maji. Asubuhi tuone kama bado wanaruka."

Viroboto hao, wadogo kama punje za ulezi, alikuwa nao Limi mfuga samaki peke yake. Aliwafuga kwenye pipa, chakula cha vifaranga wake wa samaki. Akatoa nusu.

Masalu akatia wengine kwenye chupa ya maji ya lambo, wengine kwenye chupa ya maji ya bomba, apate kulinganisha. Asubuhi chupa ya lambo, wamekufa. Chupa ya bomba, wamekufa.

Watu wakacheka. Kabula akasonya, akaenda kufungua zizi ng'ombe wakanywe lamboni.

Aliyecheka kuliko wote ni Tungu, shemeji yake, aliyefuata utani tu. "Fundi, rudi kwenye baiskeli zako. Maji ya bomba yametiwa dawa ya kuua vijidudu, nawe unatia vijidudu. Ungewatia maji ya mvua ya mtungini, wangecheza ngoma."

Mkono wa Kabula ukasimama kwenye komeo. "Rudia, shemeji."

"Mimi natania tu."

"Rudia."

Limi akatoa nusu iliyobaki. Vifaranga wake wakalala njaa, wakaanza kulana. Asubuhi, kwenye maji ya mvua, viroboto wanaruka. Kwenye maji ya lambo, wamelala chini kimya. Ng'ombe wakaswagwa mtoni, wakapona. Mbuzi wa jirani aliyekata kamba akanywa lamboni hakuiona jioni.

Ndipo maneno yakaanza.

"Wazo bila viroboto ni porojo," alisema Limi. "Na samaki wangu wameisha."

"Viroboto bila wazo ni chakula cha samaki," alisema Masalu.

"Na mimi ningenyamaza," alisema Tungu, "leo tungekuwa tunachuna ngozi."

"Wewe ulikuja kutucheka!" alifoka Masalu.

"Nilicheka, na nikasema kweli. Shemeji aliahidi mtamba kwa ukweli. Hakusema mwenye kucheka asipewe."

Kabula alishika kamba ya mtamba, uso umemwiva. Alitamani mno kumnyima Tungu, na tamaa hiyo ndiyo iliyomtia shaka juu ya hukumu yake mwenyewe.

Haya, nyinyi mliosikia yote: kamba hiyo mngemkabidhi nani?